Macho ya Mbuzi ya Daktari Warigia

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, hadi watu wa Nyeri wakawa wanatembea mjini na redio begani hata kama hazina betri, Daktari Warigia aliacha kazi ya serikali Nairobi akarudi kwao kufungua kliniki ya macho. Ya macho peke yake. Hakuna malaria, hakuna meno, hakuna kuzalisha. Watu walimwuliza mara mbili mbili kama wamemsikia vizuri. Daktari mzima, aliyesomea mpaka Uingereza, akae mjini kungojea macho? Jicho lenyewe likiuma mtu hukamuliwa tone la maziwa ya mama anayenyonyesha, na likikataa kupona humshukuru Mungu kwa lile lingine.

Lakini Warigia alikuwa na lake moyoni. Alizaliwa na kukulia Tetu, na katika kila boma alilolijua kulikuwa na mzee mmoja ameketi kando ya moto, mboni zimekuwa nyeupe, akishikwa mkono kupelekwa hata chooni. Watu walisema ni uzee. Si uzee! Ni mtoto wa jicho, ukungu uliojitengeneza ndani ya jicho, na mkono uliofundishwa unaweza kuutoa kabla chai haijapoa. Jambo hilo lilimkera Warigia tangu siku alipolijua. Huko serikalini, macho yalipewa chumba cha upasuaji siku moja kwa juma, na siku hiyohiyo lori likipinduka barabarani, macho yanangoja juma jingine. Wazee walirudi makwao wakiwa vipofu vilevile. Alingoja, akaomba, akangoja tena, halafu siku moja akachoka.

Sasa, kuchoka ni bure. Kliniki si bure. Daktari wa kawaida akiwa na kitanda, kipima joto, sindano na ulimi mtamu, amefungua. Daktari wa macho hata hajaanza. Kuna darubini ya kuchungulia ndani ya jicho, ambayo Warigia aliiagiza Ujerumani, nayo ikafika bandarini Mombasa ikakaa huko mpaka ushuru wake ukaanza kufanana na bei yake. Kuna visu vidogo vya kukata kitu usichokiona, nyuzi nyembamba kuliko unywele, na sanduku zima la lenzi za kupimia miwani. Kuna jenereta, maana umeme wa mji ule ulikuwa na hasira za ghafla. Kuna leseni, kuna rangi, kuna kibao. Vyumba alivipata juu ya duka la vitambaa, na mwenye nyumba, mzee Athman, hakutaka kodi tu, alitaka na kilemba juu yake, ile pesa ya kupewa ufunguo, ingawa kila siku alimwita Warigia binti yangu. Kiti cha mgonjwa kinachoinama nyuma kilikuwa na bei ya kuchekesha. Warigia alikicheka, akaenda Naro Moru akanunua kiti kikuukuu cha kinyozi, akakivika ngozi mpya.

Pesa zote hizo zilitoka benki, na benki haikopeshi mtu kwa sababu ana uchungu na wazee wa Tetu. Ilitaka dhamana. Warigia hakuwa na ardhi. Mama yake, Watiri, ndiye aliyekuwa nayo, shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu mumewe, na hati yenyewe ina jina lake. Na mwaka ule kahawa ilikuwa dhahabu! Watiri alivaa kitambaa chake cha kanisani, akapanda gari hadi mjini, akaiweka hati ile juu ya meza ya meneja kama mtu anayeweka kikapu cha viazi. Ndugu wa mumewe walisema amerogwa. Masharti yalikuwa wazi: Warigia akishindwa kulipa, shamba linapigwa mnada. Alilikumbuka shamba hilo kila asubuhi alipokuwa akipanda ngazi za Athman.

Haya, akafungua. Akangoja.

Watu walikuja, siwezi kusema hawakuja. Walifika hadi chini ya ngazi, wakasoma kibao, wakanong'onezana, wakaenda zao. Wenye macho mekundu walipanda wakachukua dawa ya matone. Lakini ukitaja upasuaji tu, mtu anakumbuka kwamba ng'ombe wake hajakamuliwa. Mzee mmoja wa Mwea alikubali, akaketi kwenye kile kiti, kisha Warigia akaenda kunawa mikono. Aliporudi akakuta kofia peke yake. Mwanaisha, muuguzi wake, mzaliwa wa Majengo na mtu wa mzaha, alisema huyo ni mgonjwa wa kwanza kupona kabla ya kutibiwa. Warigia alicheka kidogo. Miezi ikapita, chumba cha upasuaji kikinuka dawa na rangi mpya tu, vile visu vikichemshwa na kuanikwa, vikichemshwa na kuanikwa, bila kumgusa mtu.

Ndipo hofu nyingine ikamwingia. Mkono wa daktari wa macho ukikaa bila kazi unasahau. Huko Uingereza walikuwa wakijizoeza kwa macho ya wanyama, basi naye akaanza kufanya hivyohivyo. Kila Ijumaa alishuka kwenye bucha ya Ngatia, karibu na soko, akaomba macho ya mbuzi.

Sasa wewe fikiria. Nyeri nzima mtu anayenunua kichwa cha mbuzi anataka supu. Ngatia, mtu mnene mwenye maneno mengi, alimfungia kichwa kizima kwa heshima. Warigia akasema hapana, hataki kichwa, anataka macho tu, yawe ya leo, na yasiwe yametobolewa. Ngatia aliinua kisu, akakishusha. Akamwuliza ya nini. Na hapo Warigia, msomi wangu, amechoka, akili iko benki, akajibu neno moja la ovyo: ni ya kazi. Akalipa, akaenda. Hakuona jinsi wateja waliokuwa wakingoja matumbo walivyogeuka wakatazamana.

Mambo yakazidi kubana. Benki ilikubali kumwongezea muda, lakini ikataka mama aweke kidole upya kwenye karatasi. Warigia alikwenda Tetu siku ya Jumapili akiwa na karatasi ile na aibu yake. Alimkuta mama akipogoa kahawa, panga mkononi, gauni limefungwa kiunoni. Akamweleza yote bila kuficha: wagonjwa hawaji, sababu haijui, na safari hii mambo yakienda vibaya shamba limekwenda. Akamwambia akitaka kukataa akatae, hatamlaumu. Watiri alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetaka kuuliza kitu. Mwishowe aliuliza tu kama huko mjini anakula vizuri. Kisha akajifuta kidole kwenye gauni, akakikandamiza kwenye wino. Warigia alirudi mjini moyo ukimuuma kuliko kama angepigwa.

Wiki iliyofuata, mtu aliyepanda ngazi za Athman alikuwa Ngatia mwenyewe, akimwongoza mama yake.

Bibi huyo aliitwa Wangechi, wa Ruring'u, mwembamba, mkali, macho meupe yote mawili. Alikuwa na miaka kadhaa hajaona kitu ila mwanga na kiza. Aliketi kwenye kiti cha kinyozi akakipapasa mikono yake, akasema kiti ni kizuri. Warigia alimmulika tochi kutoka huku na huku, na kila mara bibi alionyesha kwa kidole mahali mwanga ulipo bila kukosea. Nyuma ya ukungu ule jicho lilikuwa zima.  Warigia akamwambia kwamba ukungu huo unaweza kutolewa, na ataona.

"Basi toa," bibi alisema. "Mwanangu huyu amezaa msichana, akampa jina langu. Mimi mwenyewe nimezaliwa tena, na sura yangu siijui. Ninaishika tu."

 Ngatia alikuwa akitoka jasho, na nje kulikuwa na ile baridi ya Julai ya kung'ata masikio. Siku ikapangwa, Jumanne.

Jumanne Ngatia alifika mapema. Mama yake aliketishwa kwenye kiti, Mwanaisha akaanza kumsafisha uso. Ngatia alisimama mlangoni akiwa na kifurushi cha gazeti, ameshika kwa mikono miwili. Alimwita Warigia pembeni, akashusha sauti.

"Daktari, nimekuletea yake," alisema. "Nimechagua mimi mwenyewe. Ni ya mbuzi kijana, wa nyumbani kwetu, nimemchinja asubuhi, hana ugonjwa. Yale ya Ijumaa uliyonayo usimwekee mama. Mengine yalikuwa ya wazee."

Warigia alifungua gazeti. Macho mawili ya mbuzi yakamtazama.

Hakuelewa. Halafu akaelewa. Kumbe ndiyo hiyo! Ndiyo sababu ya mzee wa Mwea kuacha kofia. Ndiyo minong'ono ya chini ya ngazi. Nyeri yote, na Karatina, na pengine hadi Nanyuki, ilijua kwamba daktari mpya anang'oa macho ya watu na kuwawekea ya mbuzi, na anayanunua kwa Ngatia kila Ijumaa, mchana kweupe, na alipoulizwa alikiri mwenyewe kwamba ni ya kazi. Mwanaisha aliyesikia yote alikuwa amejiziba mdomo kwa taulo. Hata yeye hakuambiwa, maana nani angemwambia muuguzi wa kliniki yenyewe?

Kule kwenye kiti bibi akaita, "Ngatia, umeleta?"

"Nimeleta, mama."

"Ya nani?"

"Ya yule mweupe."

Bibi alifikiri. "Yule alikuwa mwizi wa kabeji," akasema. "Lakini potelea mbali. Bora nimwone mtoto."

Warigia alicheka. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka, akaona hasira inampanda hadi machozi. Miezi yote ile! Chumba kitupu, mama yake akipogoa kahawa ambayo huenda isiwe yake, na yote kwa sababu ya huyu mtu na ulimi wake. Alitaka kumfukuza hadi barabarani. Lakini alimtazama vizuri, mikono minene bado imelishika gazeti, akatambua kwamba mtu huyu aliamini kila neno, na bado amemleta mama yake, na amemchagulia macho mazuri kuliko yote aliyonayo. Na ulimi wenyewe, je, nani aliutia chumvi? Ni yeye na lile neno lake la ovyo. Hasira ikaisha palepale.

Akamwambia Ngatia anawe mikono hadi viwiko. Akamvika joho, kofia na kitambaa cha mdomo. Kisha akalichukua jicho moja la mbuzi, akaliweka chini ya taa, akalikata mbele yake, akatoa kile kidude kinachokaa katikati, kinang'aa safi kama ushanga. Akamweleza pole pole. Cha mbuzi huyu ni safi, ndiyo maana aliziona kabeji. Cha mama yako kimechafuka kimekuwa kama maziwa, na hicho ndicho nitakachokitoa. Siweki kitu. Jicho lake linabaki lake. Na haya macho ya Ijumaa ni ya kujizoeza, ili nikimshika mama yako, mkono wangu usikose. Utasimama hapa utazame mwanzo hadi mwisho, na ukitoka hapo nje uwaambie watu ulichokiona.

Alipokwisha kusema hivyo ndipo akajua alichokifanya. Akimharibu bibi huyu, shahidi yupo, na shahidi mwenyewe ndiye mdomo mkubwa kuliko wote sokoni. Kliniki ingekufa siku hiyohiyo, na shamba nyuma yake. Mwanaisha alimtazama kuuliza kama ana hakika. Warigia akanyoosha mkono kuomba kisu.

Na ule mkono, ndugu zangu, haukutetemeka. Kila Ijumaa ilikuwa imo ndani yake. Bibi alikuwa macho wakati wote, jicho tu ndilo lililotiwa ganzi, na alikuwa akiimba wimbo wa kanisani chini chini mpaka Mwanaisha akamwomba anyamaze kidogo, kidevu kinatikisika. Warigia alikata, akafungua, akashika, akavuta kwa utaratibu wa mtu anayetoa mwiba kwa mtoto mchanga. Ukungu ukatoka mzima, wa rangi ya uji. Akauweka kwenye kisahani mbele ya Ngatia, kando ya kile kidude cha mbuzi. Mchinjaji yule, ambaye amechinja wanyama tangu ujana wake, alitazama kisahani, akatazama jicho la mama yake, akaketi sakafuni akiwa na joho lake.

Bibi alilazwa chumba cha nyuma, jicho limefungwa, kichwa kimewekewa mifuko ya mchanga kisigeuke. Siku ya kufungua, Ngatia alikuja na binti yake aliyefika gotini, na mkewe, na majirani wawili ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuwapo. Warigia alifungua bandeji. Akampa bibi miwani, ile minene ya watu waliotolewa mtoto wa jicho. 

Bibi aliangalia dirisha. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma, akasema imezeeka. Halafu akainama. Mtoto alikuwa amesimama mbele yake kidole mdomoni, na wale Wangechi wawili wakatazamana.

"Kumbe umechukua na pua," bibi akasema. Alimvuta mtoto akamkumbatia, akamsukuma nyuma amtazame, akamkumbatia tena. Mwanaisha alilia wazi. Warigia aligeuka akajifanya anapanga visu, lakini havikuwa na cha kupangwa, na yeye pia alikuwa akilia.

Bibi hakutaka gari. Alisema atatembea na atapita sokoni, na daktari amshike mkono kwa sababu ya ngazi. Wakashuka. Lo! Hata pesa zingenyesha zisingekusanya watu upesi hivyo. Akina mama waliacha viazi, wauza mitumba wakaacha makoti. Na ile miwani, unajua ilivyo, inayafanya macho yaonekane makubwa ajabu. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba si mnaona wenyewe, makubwa vile, ni ya mbuzi kweli. Watu wakarudi hatua nyuma. Warigia alihisi mkono wa bibi ukikaza ndani ya wake.

Bibi alisimama. Akamtafuta aliyesema, akamwona.

"Wamae," alisema, "hilo koti nililiona kwako kabla sijapofuka, na kiwiko kilikuwa kimetoboka hivyohivyo. Kama ningekuwa na macho ya mbuzi ningekuwa natazama kabeji za huyu mama. Mimi nakutazama wewe."

Soko likaangua kicheko, na Wamae akafunika kiwiko. Bibi akavua miwani akawaonyesha jicho, jeusi, lake, alilozaliwa nalo. Kisha akairudisha usoni, akaingia bucha ya mwanawe, akatazama huku na huku kwa furaha mpaka akafika kwenye mizani. Akainamia. Akauliza kwa nini mshale umepita alama ya sifuri wakati sinia ni tupu.

Hapo basi ubishi ukaisha. Hakuna mbuzi duniani angeliona hilo. Ngatia alikuwa mwekundu kama nyama yake, lakini alicheka kuliko wote, akaurudisha mshale mahali pake, akasimama juu ya kigogo cha kukatia akawasimulia watu kila alichokiona katika chumba kile. Na mdomo ule uliokuwa umemwangusha Warigia kwa miezi ulimwinua kwa asubuhi moja.

Kesho yake ngazi za Athman hazikupitika. Walitoka Othaya, walitoka Naro Moru, walitoka Mwea kwa baiskeli, kipofu mbele na mjukuu akikanyaga pedali nyuma yake. Yule mzee wa kofia alirudi, akasema amekuja kuchukua kofia, na kwa kuwa ameshafika, basi. Warigia alifanya kazi hadi mgongo ukakataa. Kila Ijumaa kifurushi cha gazeti kililetwa hadi mlangoni, naye Ngatia alikuwa akitangaza kutoka chini barabarani kwamba ni ya mazoezi. Bibi Wangechi alirudi kutolewa ukungu wa jicho la pili, na safari hiyo aliimba mpaka mwisho.

Kahawa ya mwaka uliofuata ilipoanza kuiva, Warigia alikwenda Tetu tena. Alimkuta mama katikati ya miti, kikapu kimefungwa kiunoni, vidole vyekundu kwa kuchuma. Akamkabidhi bahasha ya benki, deni limekwisha. Watiri alitoa hati, akaipeleka karibu na uso, akalitafuta jina lake, moja ya maneno machache aliyoweza kusoma, akalipitisha kidole. Halafu akaikunja akaitia kifuani. Warigia, kwa furaha, akaanza kumsimulia kisa cha macho ya mbuzi, jinsi mji mzima ulivyodanganyika, na kifurushi cha Ngatia, na yule mwizi wa kabeji.

Mama yake aliendelea kuchuma. Akasema kisa hicho anakijua. Kilimfikia zamani, kanisani, kabla ya ile Jumapili ya kuweka kidole mara ya pili.

 Warigia akauliza kama basi alijua tangu siku ile kwamba ni uongo.

"Hapana," Watiri alisema. "Niliamini. Nilisema tu moyoni, kama ni wewe unayeyaweka, yatakaa vizuri."

Akamsukumia kikapu cha pili kwa mguu, na Daktari Warigia akakifunga kiunoni juu ya nguo zake za mjini, akaanza kuchuma.